Vikopo vya Gome la Mgomba

Nakumbuka asubuhi moja ya Oktoba, mwanangu, nikiwa ndiyo kwanza nimeolewa hapa Songea. Mama mkwe wangu alikuwa akiuza miche sokoni, kila mche ndani ya kikopo cha gome kavu la mgomba. Ndiyo! Jana uliponiletea miche yako katika vikopo vya karatasi vinavyooza ardhini, ukaniambia ni mambo mapya ya mjini, nilicheka mpaka kitenge kikanivuka.

Siku hiyo alinikabidhi miche kumi ya nyanya. Mbegu aliachiwa na marehemu mama yake, na hizo ndizo zilikuwa za mwisho.

"Kapande bondeni," akasema. "Ikifa hii, nyanya za mama zimekwisha."

Nilishuka mbio, furaha imenijaa. Nikaipanda na vikopo vyake, vikavu vilevile, midomo nikaiacha juu ya udongo ishike maji kama bakuli. Ilivyopendeza! Nilisimama pale nikijisifu peke yangu.

Nilimwagilia asubuhi na jioni, lakini siku ya nne miche saba ilikuwa imekauka. Nikarudi juu nyumbani kwa mama mkwe nikilia.

"Shikamoo mama. Nimeiua miche."

"Marahaba. Twende."

Akafukua mmoja. Mizizi ilikuwa imejikunja ndani ya gome gumu. Akashika ule mdomo uliobaki nje.

"Umeacha utambi juu, binti yangu. Jua linanyonya maji kama koroboi inavyonyonya mafuta. Mbona hukuniuliza? Nilikuwa jikoni tu."

Hilo swali liliniuma kuliko kofi. Ile mitatu iliyobaki tuliilowesha, tukapasua vitako vya vikopo, tukafukia mpaka midomo ikapotea. Nilikuwa nikiamkia bondeni kila siku, roho juu. Siku nilipoona jani jipya, jamani! Nilipiga kelele mpaka mama mkwe akatoka na mwiko mkononi, akapiga vigelegele.

Basi mwanangu, usikitoe kikopo, utaikata mizizi. Kiloweshe, kipasue kitako, ukifukie chote, usiache hata ukingo. Na mkono ukikuwasha kwa haraka, uliza kwanza. Nyanya uliyokula jana kwenye mchuzi ni uzao wa ile miche mitatu; ningenyamaza na aibu yangu, usingeijua ladha yake.

Mungu aibariki mikono yako, na kila unachofukia kikuchipukie. Haya, lete ndoo. Leo siko jikoni, tunakwenda wote!