Somo Tulilofyekea Majani

Jumatatu nilikuwa ofisi ya walimu, shule moja ya msingi hapa Sumbawanga, nimepeleka barua ya uhamisho wa binti yangu anayehamia hapo. Akaingia baba mmoja mwenye koti zito. Alivua kofia, akamkazia macho mwalimu wa kike aliyekuwa akisahihisha madaftari.

"Ni wewe uliyemfundisha kijana wangu habari za hedhi, darasa moja na wasichana?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Shikamoo, baba. Ndiyo, ni mimi."

"Marahaba. Jumamosi tulikuwa tunapalilia ulezi, dada yake akachafuka. Mimi nilijifanya natafuta jembe. Kijana alivua sweta, akamfunga dada yake kiunoni, akamwambia, 'Nenda nyumbani, sehemu yako nitamalizia.'"

Mwalimu akashusha pumzi. Hata mimi nilishusha.

Enzi zetu somo hilo likifika, wavulana tulitolewa nje kufyeka majani. Majani yaliisha, ujinga tukarudi nao nyumbani.

Yule baba akaizungusha kofia mikononi. "Sasa na sisi wazazi utatufundisha lini?"

"Ijumaa, kwenye kikao."

"Na wanaume tutabaki ndani?"

"Mtabaki, baba."

Nami nitakwenda. Fyekeo naliacha nyumbani.