Jina la Ishirini na Tatu

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, usije ukausikia kwa watu ukiwa umeshatiwa chumvi: niliandika jina la marehemu kaka yangu kwenye liste ya safari ya shule, kwa sababu ya mkate. Ndiyo, mkate. Mmoja, na chupa moja ya sukre, soda ya kuusukumia tumboni. Na haya ninayosimulia yalitokea kweli. Kama huamini, acha kusoma, nenda ukateke maji.

Sisi finalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Mutwanga, tuliahidiwa tangu darasa la nne kwamba kabla ya mtihani wa serikali tutapelekwa kuuona mji wa Butembo. Vita ikaila ahadi hiyo, mwaka baada ya mwaka. Basi mwaka huu Prof Kakule, mwalimu msimamizi wa darasa letu, mwanaume mfupi mwenye koti moja na watoto watano, akasema: "Tukingojea vita iishe, mutaenda Butembo na bajukuu benu." Akatafuta kamyo, lori la kubebea mbao, akamwangukia prefe, mkuu wa shule, akapata karatasi ya safari yenye muhuri. Mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri (ndicho kitu kizuri pekee walichowahi kunisifia), nikapewa kazi ya kunakili majina. Kila jina lilikuwa na haki ya mkate na sukre. Tulikuwa ishirini na wawili. Nikaandika ishirini na watatu.

Kwetu Wanande mtoto hatafutiwi jina, analikuta linamngoja kufuatana na zamu yake. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale. Mimi ni Kambale. Kwa hiyo hata kama nyumbani hakuna anayenitangulia kwenye sahani, kila anayeniita anatangaza kwamba kuna mtu alipita mbele yangu. Paluku alikufa kwa surua kabla sijazaliwa, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mimi nikawaza: jina lipo, limekaa bure, halina kazi. Acha linilishe.

Ninyi mnapenda mizimu ya usiku, mvua na bundi. Samahani sana. Wangu alikuja saa nne asubuhi, jua likiwaka, kwenye barieri, kamba ya askari iliyofunga daraja la Semliki.

Wakati wa vita karatasi ni roho ya mtu. Askari wenyewe usiniulize walikuwa wa kundi gani, walikuwa wakibadilika kuliko mitindo ya nywele. Mkubwa wao, kijana mwenye miwani ya jua na kambambili miguuni, alitushusha wote, akatupanga kando ya barabara, akatuhesabu kwa fimbo. Akahesabu tena.

"Professeur. Liste inasema makumi mbili na tatu. Batu beko makumi mbili na mbili. Huyu Paluku iko wapi?"

Prof akaangalia karatasi kama vile imemtemea mate. "Chef, labda ni makosa ya mwandishi."

"Makosa iko na muhuri? Alienda ku pori kwa Maimai, kushika bunduki, eh? Weye utabakia hapa. Batoto baende. Siku Paluku ataonekana, na weye utaonekana."

Hakuna aliyecheka. Sote tulijua watu waliobakia kwenye barieri "kidogo tu", na wake zao mpaka leo wanawawekea chakula. Prof alivua koti lake, akalikunja vizuri, akampa Kavira, kiranja wetu. "Upelekee madame ku nyumba."

Niamini, nilifungua mdomo. Nilitaka kusema: ni mimi, chef, Paluku hayupo, Paluku ni kaburi chini ya mgomba wetu. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Mimi, ambaye sauti hainipungukii hata kanisani!

Yule chef akaita mara ya mwisho, kwa kejeli tu: "Paluku!"

"Présent, chef!"

Akatokea nyuma ya kamyo akifunga kifungo cha suruali. Shati jeupe, suruali ya bluu, sawa na sisi. Mrefu kunipita kwa kichwa. Na masikio! Masikio yangu haya haya, ambayo darasani wanayaita vioo vya pikipiki, yalikuwa pale kwenye kichwa cha mtu mwingine.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilienda kukojoa, chef. Niliogopa kukojolea barieri ya serikali."

Chef akacheka. Akampiga kofi la shingo, la mchezo tu, "panda haraka!" Halafu nikamwona akitazama kiganja chake. Akakipangusa kwenye suruali, polepole, mara nyingi.

Sasa sikia jambo lililonitisha zaidi. Hakuna aliyeshangaa. Kavira alimrudishia Prof koti lake, akageuka, akafoka: "Paluku, kila siku weye njo wa mwisho!" Wakamsogezea nafasi juu ya mbao, karibu yangu, kama mtu aliyesoma nao tangu darasa la kwanza. Mimi tu ndiye niliyekuwa nikimkodolea macho.

Nikamnong'oneza: "Weye ni nani?"

"Uliandika miye weye mwenyewe. Haukusoma?"

"Lakini ulikufa mutoto mudogo. Namna gani uko finalisti?"

"Ni kweli ningepashwa kuwa nilishamaliza," akasema. "Niliduble."

Utamwogopaje mzimu unaoduble, unaorudia darasa? Nilijaribu, nikashindwa. Tulipopita Beni kamyo ikazama kwenye matope, tukashuka kusukuma. Yeye ndiye aliyeimbisha, yeye ndiye aliyesukuma kwa nguvu kutushinda wote. Tulipopanda tena tulikuwa udongo mpaka kwenye nyusi. Shati lake lilikuwa jeupe vilevile, kama limetoka kwenye pasi sasa hivi.

Butembo nayo! Nyumba zimepanda vilima vyote, jenereta zinanguruma kila duka, biashara haina habari kama kuna vita. Kavira alisimama mbele ya jengo moja akahesabu ghorofa nne, mpaka Prof akamweleza kwamba paa si ghorofa. Jioni, kwenye ukumbi wa parokia, mikate ikagawiwa kwa kufuata liste. Na unafikiri nilipata miwili? Mwenye jina alisimama akachukua wake. Baadaye akaja akaniwekea mapajani.

"Si hii njo ulikuwa unatafuta? Kula. Miye hapana kula."

Sikuweza. Ulikuwa mkate wa kawaida tu, wa moto, nami nilikuwa na njaa ya mbwa. Jaribu wewe kula urithi wa mtu anayekutazama.

Akaanza kuniuliza maswali, na yote yalihusu mama. Mama anapenda wimbo gani akitwanga sombe, majani yake ya muhogo? Anacheka kwa kufunika mdomo ao hapana? Bado anapanda miguu peku mpaka shambani? Nikamjibu ninayoyajua. Mengine sikuyajua, nikaona haya. Miaka kumi na minane ninakula kwake, sijui hata rangi anayoipenda.

Asubuhi ya kurudi, Prof akapandisha watu. Nafasi kando yangu ilikuwa wazi. Nikakumbuka: Semliki tungehesabiwa tena, kwa karatasi ileile, pengine na chef yuleyule. Nikaruka kutoka kwenye kamyo, nikakimbia mpaka sokoni. Nikamkuta amesimama mbele ya mama mmoja anayeuza vikwembe, vitenge vya akina mama, anavitazama kimoja kimoja.

"Yaya, twende."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kumwita mtu yaya, yaani kaka mkubwa. Hata mimi ilinishtua.

"Kambale, achia miye hapa," akasema. "Hapa kuko batu mingi. Kule ni mugomba tu."

"Bila weye, Prof atabakia ku barieri. Iko na batoto tano."

Akagusa kikwembe cha kijani chenye ndege. "Na mama? Utamwambia kama nilikuya? Ao utaogopa fimbo ya mukate?"

Hapo alinishika pabaya, maana nilikuwa nimeshapanga kutomwambia mama chochote mpaka kufa. Nikatazama chini. Nikasema: "Nitamwambia. Na ya mukate pia."

"Apa."

Nikaapa. Akanitangulia kwenda kwenye kamyo, mikono mfukoni, akipiga mluzi vibaya kama mimi.

Semliki tulimkuta chef yuleyule. Alisoma majina mpaka mwisho. "Paluku!" "Présent!" Safari hii hakumgusa. Aliinua kamba mwenyewe, kwa haraka. Kamyo ikavuka daraja, ikaanza kupanda. Nikageuka nimshukuru, nikakuta mbao tupu. Prof akatuhesabu: ishirini na wawili. "Tuko wote, Mungu asifiwe." Nikamuuliza Kavira Paluku yuko wapi. "Paluku gani?" akasema. "Sukre ya Butembo ilikulevya?"

Prof Kakule yuko, anafundisha hesabu, bado anavaa koti lile. Lakini mimi sijawa sawa. Kila asubuhi Prof anaposoma majina, akinifikia mimi, kabla sijajibu, nasikia mtu akivuta pumzi ya kujibu. Kwa hiyo ninangoja kidogo. Prof anadhani ni utundu, ameshanipigisha magoti mara mbili. Basi nakuonya, wewe mwenye mwandiko mzuri: usiandike jina la mtu wako aliyelala kwenye karatasi ya walio hai. Si kwamba atakudhuru. Atakuja tu, na kumrudisha ndiko kunakouma.

Nilitimiza kiapo siku ileile. Mama alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Hapa mtaani wanamwita kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, Mama Paluku, na sikuwahi kuwaza jina hilo linamfanyia nini. Nikamweleza yote, mkate ukiwa wa kwanza, nikiwa nimesimama karibu na mlango tayari kukimbia. Hakunyanyua fimbo. Alinyanyua uso, macho yamejaa maji na hasira ya wivu, akasema:

"Miaka makumi mbili banaita miye Mama Paluku, naitika kila siku, na yeye anaenda kujionyesha kwako weye? Funga mulango. Ikala hapa. Niambie tena yote. Anzia ku sura."