Korosho Zilizotumwa Kuzimu

Sabra wa Mikindani hakuwa mtu wa kusahau. Mwaka 2009 alikuwa akiandika programu katika ofisi moja ya wakala wa forodha jirani na bandari ya Mtwara. Msimu ule programu ikaelekeza malori ya korosho kwenye ghala lisilo sahihi, tena lenye paa bovu. Mvua ikamaliza kazi. Lukasi, mkubwa wake, akasimama mbele ya ofisi nzima akasema, "Majaribio yangu yote ya programu yamepita. Kosa ni la dada Sabra." Sabra akanyang'anywa kompyuta, akapelekwa getini kusimamia malori na maturubai yake, na makuli wakamwita Injinia wa Turubai. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kule vumbini akawaza mpaka akaupata ufa. Jaribio la Lukasi liliunda ghala la kuigiza, la ndani ya kompyuta tu, kisha likaliuliza: je, agizo limefika, la ghala lolote na uzito wowote? Hilo si jaribio. Ni mlinzi anayempungia mkono kila apitaye.

Bosi Isihaka alipoitisha kikao kabla ya msimu mpya, Sabra akaomba kiti cha mbele ya kompyuta.

"Kaka Lukasi, ngoja nizipeleke korosho Kuzimu."

Kwenye mstari wa programu unaotaja ghala akaandika KUZIMU, akaendesha jaribio. Likapita.

Ofisi ikaangua kicheko. Lukasi, jasho likimtiririka, akafuta "ghala lolote" ndani ya jaribio akaandika jina halisi la ghala, ila akaacha "uzito wowote". Kompyuta ikagoma kabisa. Sabra aliijua dawa: ukitumia kilinganishi, yaani neno kama "wowote", kwa kimoja, vyote hutaka kilinganishi, hata jina halisi lazima livikwe "sawa na". Aliijua, akamtazama tu anavyotapatapa. Aliona raha, na hakuionea haya.

"Sabra, unaweza?" bosi akauliza.

Akaufuta ule mstari wa Kuzimu, akarudisha wa zamani wa msimu ule, kisha kwenye jaribio akaweka "sawa na" mbele ya jina la ghala. Jaribio likaanguka hapo hapo, likautaja mstari uliopoteza malori. Lukasi akautambua. Aliuandika yeye.

"Dada, nisamehe," akanong'ona. "Yaishe."

"Ulinisema mbele za watu, kaka. Jiseme mbele za watu."

Makuli walikuwa wamejazana dirishani. Lukasi akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba kosa lilikuwa lake.

"Rudia," Sabra akamwambia. "Wa dirishani hawajasikia."