Daftari Tulilolichoma

Mimi ni katibu wa umoja wa vikundi vya maigizo vya mkoa wetu, watu wanaoigiza kwa kupenda tu, jioni wakishatoka kazini. Nilichaguliwa kwa sababu niliwahi kuwa mwalimu na mwandiko wangu unasomeka, si kwa sababu nyingine. Kila mkutano unafunguliwa kwa habari nilizoandika: kikundi fulani kimepata ngoma mpya, mwigizaji fulani kajifungua mapacha, ukumbi wa parokia unavuja upande wa jukwaa. Zamani habari zilijaza kurasa mbili. Siku hizi nikifika nusu ukurasa najikuta naeleza hali ya hewa, na hali ya hewa ya Gisenyi haina habari, ni mvua tu.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba kuandika ndiyo kazi yangu. Maana ni mimi huyuhuyu niliyekataza mchezo wetu usiandikwe.

Kikundi chetu ni cha Mbugangari. Tulikuwa na mchezo mmoja tulioutunga wenyewe, wa dada wawili. Mkubwa alihamia mbali. Mdogo akabaki na mama mgonjwa, akamwogesha, akamlisha, akamzika peke yake. Mkubwa anarudi maziko yamekwisha. Kaka yao anataka kuuza shamba, jirani anajaribu kuwapatanisha wote na anashindwa. Mwishoni dada wawili wanabaki peke yao jukwaani, na mdogo anauliza, "Ulikuwa wapi siku ile?" Mkubwa anajibu, wanakumbatiana, basi.

Mara ya kwanza tuliuandika kwenye daftari la jalada la bluu. Daftari likasahaulika kwa fundi cherehani aliyekuwa anatushonea mavazi. Siku ya maigizo ilipofika, kikundi kingine, ambacho sikitaji kwa kuwa hasira zangu bado mbichi, kikapanda kabla yetu kikacheza mchezo wetu toka mwanzo hadi mwisho. Sisi tulipopanda watu wakaguna. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Hawa nao wameiga!" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kesho yake nilisimama mbele ya wenzangu nikatoa amri. Nasema amri kwa sababu hakuna aliyeombwa maoni. Maneno yote yabadilishwe, kila mtu atafute yake na ayatunze kichwani. Hakuna karatasi. Simu zote ziingie kwenye kapu mlangoni kabla ya mazoezi. Mwenzetu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, aliyeigiza dada mdogo, alikuwa anapika maharage kwenye mbabula yake, jiko dogo la makaa, na daftari la bluu, ambalo fundi alikuwa ameturudishia, likaishia humo. Maharage yale tuliyala tukicheka. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Dada mkubwa niliigiza mimi. Mazoezini, kila tulipofika kwenye lile swali la mwisho, nilikuwa nasema, "Hapa nitajibu," na tunapita. Mwenzangu alidhani naficha jibu lisiibwe. Ukweli ni kwamba sikuwa nalo.

Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia. Watu waliporudi Rwanda nilirudi nao. Mama alikuwa mgonjwa hawezi safari, na mdogo wangu wa damu akabaki kumtunza. Nilisema nitarudi kuwachukua baada ya mwezi. Mama akafa, akazikwa, sikwenda. Mdogo wangu alinipigia simu mara moja tu, na hakuniuliza kingine ila nilikuwa wapi siku ile. Nikamwambia nitampigia baadaye nimweleze vizuri. Sikupiga. Nilikuwa naona aibu, na aibu ikikaa inageuka kuwa kiburi. Baadaye naye akafa, kwa homa ya siku nne, na safari hiyo nilikwenda, nikasimama kando ya kaburi lake bila neno mdomoni.

Basi siku tulipoucheza mchezo wetu mpya mbele ya vikundi vyote, dada mdogo akauliza swali lake na jibu likanitoka lenyewe. Lilikuwa fupi. Nakumbuka nilisikia mtu anapenga kamasi, halafu wengine. Mwenzangu alinikumbatia kwa nguvu hadi shanga zangu zikakatika. Nilishuka jukwaani nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetua beseni la nguo mbichi. Tuliucheza mara ya pili huko Nyakiriba, mvua ikipiga mabati, na jibu likaja lilelile bila kutafutwa. Nilijua nimemjibu mdogo wangu. Kwamba nilimjibu kupitia kwa mwanamke mwingine, mbele ya watu wanaokula karanga, hilo halikunisumbua.

Baada ya hapo mambo yakaanza kukatika. Mpaka ukafungwa kwa ajili ya ugonjwa, na dada mdogo akabaki Goma. Ulipofunguliwa, aliyeigiza kaka, dereva wetu, akapata kazi Kigali akaondoka. Tukiwa bado tunatafuta kaka mwingine, mpaka ukafungwa tena. Vijana tuliowaita walikuja mara mbili, wakauliza kama tutarekodi vichekesho vya kwenye simu, wakaona kapu langu mlangoni, wakaenda zao. Misimu miwili ikapita hatukupanda jukwaani.

Kanuni ya umoja, ambayo niliiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri, inasema kikundi kisichopanda misimu mitatu mfululizo kinafutwa kwenye orodha. Mwaka huu ulikuwa msimu wa tatu. Mwenyekiti aliniita pembeni akaniambia kwa upole tuigize chochote, hata kile kimchezo cha chandarua na malaria, mradi tuonekane. Nilimwambia sisi tuna mchezo wetu. Akauliza uko wapi. Nikamwambia uko vichwani mwa watu wanne.

Kwa hiyo nikanunua daftari. Ndiyo, mimi. Nikaanza kuwazungukia wenzangu niuandike mchezo wote kabla haujapotea.

Nilianza na yule aliyeigiza jirani, mkulima wa viazi Nyakiriba. Nilimkuta shambani amekunja suruali, jembe mkononi.

"Mwarimu, mi nakumbuka yote," akasema. "We kaa pale kwa tuta. Ariko usinikanyagie ibirayi."

Akayasema maneno yake yote akiwa amesimama kati ya viazi, kwa sauti ya jukwaani, hadi wapita njia wakasimama kutazama. Hakukosea hata moja. Kumbe kila msimu wa kupalilia alikuwa anayarudia peke yake, ili siku tukiitana asituaibishe. Nilipomwambia aseme pia jibu langu kwa dada mdogo, maana alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, alicheka.

"Eh, we mwenyewe njo unajua, ni we! Mi nilikuwa nafuta macho."

Hata sikushtuka. Cha kwangu kilikuwa kwangu, nilikiacha mwisho. Dereva akanitumia maneno yake kwa sauti kwenye simu, honi za Kigali zikipita katikati, nayo nikayaandika. Sikuwahi kufurahi hivyo kwa miaka. Jioni nilikuwa naufungua ukurasa na kuusoma kama barua ya mpenzi, mwanamke mzima na mvi zangu.

Akabaki dada mdogo. Wakati huo mpaka ulikuwa unafunguliwa saa chache kwa siku, na tukaagizana kukutana asubuhi karibu na Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpakani, upande wetu, kwenye ukuta mfupi unaotazama ziwa. Alikuja amebeba kikapu, amevaa kitenge kipya, na kabla ya salamu akaniangalia juu mpaka chini.

"Yaya! Umezeeka!"

Yaya ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kule Goma. Aliniita hivyo kwenye mchezo na hakuwahi kuacha.

"Na wewe umenenepa," nikamwambia.

"Asante," akasema, akacheka, akaketi. "Bon, tuanze. Mi niko na saa moja tu."

Tukaanza. Yeye anasema, mimi naandika, na panapokuwa na maneno yangu nayasema na kuyaandika pia. Yalikuja yote. Ugomvi wa sufuria ya mama ukaja, ugomvi wa shamba ukaja. Wanawake waliokuwa wanavuka na mabeseni ya nyanya walipunguza mwendo, mmoja akadhani tunagombana kweli akatuambia tuache. Kisha mwenzangu akaweka kikapu chini, akanigeukia, na uso wake ukawa uso wa siku ile.

"Ulikuwa wapi siku ile, yaya?"

Nikafungua mdomo.

Sijui niseme nini kuhusu kilichofuata, kwa sababu hakikuwa kitu. Nilisubiri maneno yaje kama yalivyokuja mara mbili zile, na hayakuja. Nikaangalia ziwa, nikaangalia daftari. Yeye akangoja, akiwa bado na ule uso.

"Endelea," akasema mwishowe. "Hapa njo we unasema."

"Nilikuwa nasema nini?"

"Unaniuliza mi?"

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa mbele yangu. Ni wewe niliyekuwa nakuambia."

Akafikiri kweli, akakunja paji la uso. "Yaya, mi sijui. Mi nilikuwa nalia ya ukweli, kwa sababu ya mama yangu mimi. Sikukuwa nasikia kitu. Nilikuwa nangoja tu unyamaze, njo nikukumbatie."

Nikamwambia aulize tena. Akauliza tena. Aliuliza mara nne, mara tano, hadi sauti yake ikachoka. Nikajaribu kusema neno lolote: nilikuwa njiani, nilikuwa naogopa, nilikuwa sina nauli. Kila nililosema alitikisa kichwa.

"Haiko ile," akasema. Halafu, kwa huruma: "Lakini weka ingine, yaya. Donc, tunaweka ingine, tunacheza. Mi navuka siku hiyo, hata wakifunga nitaomba."

Nilimwambia nitafikiri. Akachukua kikapu chake akarudi Goma.

Wiki mbili nilizunguka mjini nikiuliza waliokuwepo ukumbini. Kila mtu anakumbuka alilia. Muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliapa nilisema jambo la taa. Shemasi wa parokia akasema hapana, lilikuwa jambo la viatu. Mwanamke mmoja alinishika mkono akaniambia maneno yangu yalimfanya arudiane na mama mkwe wake. Nikamwuliza ni maneno gani, akabaki ananitazama. Mwishowe fundi mmoja wa Nyakiriba akaniambia alificha simu kwenye kofia akarekodi siku ile ya mvua. Kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa mtu aliyevunja amri yangu. Akanitumia ile video. Nimo mle, naonekana vizuri, nimesimama mbele ya mwenzangu, na mdomo wangu unacheza. Kinachosikika ni mvua juu ya mabati. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Najitazama namwambia mdogo wangu nilikuwa wapi, na simsikii huyo mwanamke anasema nini.

Mkulima alikuja nyumbani, viatu mkononi kwa ajili ya tope, akanisihi.

"Mwarimu, sema lolote. Watu hawatajua."

"Mimi nitajua," nikamwambia.

"Na sisi je?" akauliza.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka yote alikuwa anapalilia na maneno yake mdomoni, dereva aliomba ruhusa kazini, mwanamke wa Goma alikuwa tayari kubembeleza askari wa mpakani, na mimi peke yangu nikasema hapana. Ningeweza kupanda. Neno lolote lingetosha, watu wangelia tu, watu wetu wanalia upesi. Lakini kusimama pale nimwambie uongo yule niliyekwisha kumwambia kweli mara moja, sikuweza. Labda ni heshima, labda ni kile kiburi cha zamani kimebadilisha nguo. Sijui, na sina mtu wa kumwuliza.

Siku ya maigizo ikapita. Vikundi vitatu vilipanda, kimoja kikiwa na chandarua. Sisi tulikaa kwenye viti, mimi na mkulima, tumeacha kiti kimoja katikati.

Kwenye mkutano uliofuata nilisoma habari za umoja, nusu ukurasa. Mwenyekiti akafika kwenye orodha ya vikundi, akakohoa, akataja kanuni bila kututazama. Hakuna aliyepinga. Mkulima alikuwa anajitoa udongo kwenye kucha. Nikafungua daftari la kumbukumbu za mikutano na kuandika kwamba kikundi cha Mbugangari kimefutwa, kwa sababu hakina mchezo.

"Katibu, umeandika?" mwenyekiti akauliza.

"Nimeandika," nikasema.