Pikipiki ya Mkunga wa Ukonga

Nyumba yetu ya Ukonga ilinuka petroli iliyochanganywa na oili. Harufu hiyo ilikaa kwenye mapazia, kwenye kanga za mama, mpaka kwenye mkeka tuliolia chakula, kwa sababu pikipiki ya zahanati ilitengenezewa sebuleni kwetu. Mama alikuwa mkunga. Alisomea kazi hiyo kusini, katika hospitali ya misheni, na huko huko mtawa mmoja alimfundisha kuendesha pikipiki na kuifungua injini mpaka kipande cha mwisho. Alipohamishiwa Dar es Salaam na kukabidhiwa pikipiki ya kuwafikia wazazi wa Ukonga na vilima vya Pugu, hakuna aliyemwambia itatengenezwa wapi. Zahanati haikuwa na fundi wala spana. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa alitandika gunia sakafuni, akavaa suruali ya zamani ya baba, akaanza kazi. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikaa karibu naye kumtazama akikwangua masizi kwenye plagi kwa msasa, akisafisha kabureta kwa unyoya wa kuku, akikata gasketi mpya kutoka kwenye boksi la sabuni.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, ambapo hata kiberiti kilitafutwa. Spea hazikuwepo, na mama alijua kwamba chochote kitakachovunjika kwa uzembe hakitapatikana tena. Ndiyo maana aliitunza mashine ile kuliko watu wengi wanavyotunza afya zao. Injini yake haikuwa na oili ya peke yake chini kama injini ya gari. Oili ilichanganywa ndani ya petroli, kwa kipimo, na bila oili hiyo pistoni ilisuguana na chuma kikavu mpaka ikanata. Mama alikuwa na kikopo cha maziwa alichokichora alama kwa msumari, na hakuna siku aliyojaza tangi bila kikopo hicho. Wanaume waliopita barazani walimcheka. Mmoja alimuuliza baba, ambaye alifanya kazi kiwanda cha saruji Wazo na kurudi nyumbani Jumamosi tu, kama ni yeye aliyeolewa. Baba alicheka naye, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa kwa kicheko kile.

Asubuhi moja ya Ijumaa alikuja Bwana Ngwatu, katibu wa kata yetu, mtu mnene mwenye sauti ya mikutano hata akiwa anaomba maji. Mama alimwamkia shikamoo, akamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Nesi, nahitaji hiyo pikipiki siku mbili. Kuna kazi ya taifa."

"Mzee, nina wazazi watatu wako karibu kabisa kujifungua."

"Kazi ya taifa haisubiri, Nesi. Au pikipiki hii ya babako?"

Mama aliingia ndani akatoka na ufunguo na kile kikopo. Alimweleza taratibu, kama alivyowaeleza wajawazito kuhusu dawa: petroli kiasi hiki, oili mpaka alama hii, usisahau hata mara moja. Bwana Ngwatu alikipokea kikopo kwa vidole viwili, akakiweka juu ya ukuta wa baraza.

"Mie nimeendesha magari tangu mkoloni yupo," alisema. "Leo nifundishwe na mwanamke kutia mafuta?"

Akaondoka. Kikopo kikabaki pale ukutani.

Siku mbili zikawa nne. Jumanne vijana wawili waliirudisha wakiisukuma. Mama alikanyaga kiki, haikushuka hata kidogo. Ilikuwa ngumu kama imechomelewa. Alitandika gunia siku ile ile, akafungua silinda, akaigonga pistoni kwa kipande cha mti mpaka ikatoka. Alinionyesha. Ubavu wake wote ulikuwa na mikwaruzo mirefu, na ringi zake mbili, zile pete za chuma zinazoizunguka, zimevunjika. Alipitisha kidole ndani ya silinda, akanigusisha shavuni. "Unasikia oili hapo?" aliuliza. Shavu langu lilikuwa kavu.

Alhamisi yake, saa sita mchana, alikuja mbio Mzee Shomari, mchoma mkaa wa Pugu. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto alikuwa ametanguliza mkono. Mama alinyanyua mkoba wake. Hakukuwa na basi wala lori barabarani, na safari ambayo kwa pikipiki ilikuwa ya nusu saa aliitembea kwa zaidi ya saa mbili, sehemu kubwa akikimbia. Alirudi jioni, miguu imejaa vumbi jekundu, akakaa chini kwenye mlango bila kuvua viatu. Nilimuuliza. "Mama mtu yuko hai," alisema. "Mtoto nimemkuta ameshakwenda." Kisha akaniomba maji ya kunawa, na alinawa muda mrefu sana.

Ningeweza kuishia hapo, na ubaya ungetosha. Lakini wiki iliyofuata mama aliitwa kwenye kikao katika ofisi ya kata. Niliona alivyofunga kitu ndani ya kanga, nikamfuata, nikasimama dirishani na watoto wengine. Bwana Ngwatu alisoma karatasi aliyoiandika mwenyewe. Ilisema kwamba kichanga kimepotea Pugu kwa uzembe wa mkunga, na kwamba mali ya umma imeharibika kwa kuchokonolewachokonolewa nyumbani na mtu asiye fundi. Alisoma kwa utulivu, bila haya, akinyanyua macho kila mwisho wa sentensi.

Mama alisimama. Alifungua kanga yake, akaiweka pistoni mezani, juu ya karatasi zao. "Hii imekufa kwa kiu," alisema. "Aliyetia petroli tupu ndiye aliyeiua. Naomba Mzee Katibu aseme alikwenda nayo wapi."

"Kazi ya taifa," alijibu Bwana Ngwatu.

Hapo akanyanyuka Mzee Shomari, ambaye hakuna aliyemwalika. Alikuwa na kofia mkononi. "Mie niliiona pikipiki hiyo Kisarawe, Jumamosi, kwenye harusi. Ilibeba mchele na soda. Niliijua, maana ndiyo hiyo iliyomleta Nesi mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Taifa gani hilo, ndugu zangu?"

Watu wazima kumi na wawili, wote wakazi wa Ukonga, wengine wakiwa na watoto waliopokelewa kwa mikono ya mama, waliangalia meza. Kisha mwenyekiti akasema muda umekwisha, na mama akaifunga tena pistoni kwenye kanga.

Mama hakungoja barua ya uamuzi wao. Alizunguka Temeke siku tatu akitafuta, mpaka akapata kwenye lundo la vyuma chakavu pikipiki ya aina ile ile iliyogongwa, ringi zake zikiwa nzima. Alisugua pistoni kwa msasa laini na maji ya sabuni jioni baada ya jioni mpaka mikwaruzo ikalainika. Injini ilipowaka, ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikatulia. Jirani zetu wanawake walipiga vigelegele. Aliiendesha siku tisa. Siku ya kumi walikuja kuichukua: ilikuwa imeamuliwa kwamba ihamishiwe ofisi ya kata kwa matunzo bora zaidi, na mkunga apewe baiskeli.

Na mama, mbele ya macho yangu, alimwita kijana aliyetumwa, akampa kikopo, akamweleza tena kiasi cha oili. Nililia kwa hasira. Nilimuuliza kwa nini anawasaidia. "Hasira yangu haitamfikisha mtu Pugu," alisema. "Chombo kikiwa kizima, huenda siku moja wataona aibu wakirudishe." Hawakuona. Kabla ya masika kwisha, pikipiki ilikuwa imelala nyuma ya ofisi bila magurudumu, na kuku walitagia kwenye kiti chake.

Siku hizi bodaboda zimejaa kila kona ya Ukonga, na spea zinauzwa duka moja na unga. Mzazi wa Pugu anapiga simu, anafuatwa. Nashukuru. Lakini watu wa rika langu wanapowaambia vijana kwamba zamani viongozi wote walikuwa na uchungu na wananchi, damu hunichemka. Wapo waliokuwa nao, sikatai. Wetu alikuwa na uchungu wa mchele na soda. Alizikwa kwa hotuba ndefu, na mtaa wetu ukapewa jina lake. Mama alizikwa kusini, watu wachache.

Juzi alikuja binti mwenye simu kubwa, anaandikisha anwani za nyumba. Alinisomea jina la mtaa, akauliza kama ni sahihi. Nikamwambia si sahihi. Akasema ndivyo lilivyopitishwa, ila nikitaka kuandika pingamizi naweza. "Sababu ni nini, mama?" akaniuliza. Nikamwambia avute kiti, akae.