Fremu Ndefu ya Koboko na Gunia la Muhogo

Niliondoka Arua kwa sababu fundi wa kuchomelea pale mtaa wa Oli alikataa kuishika tena fremu ya baiskeli yangu. Ilikuwa imekatika shingoni, palepale pa siku zote. "Mzee, hii chuma imechoka," aliniambia bila kuinua macho. "Mimi naichoma leo, kesho inakuua kwa njia." Magurudumu yalikuwa mazima, cheni nzima, keria nzima. Kilichokosekana ni fremu tu, na bila fremu sina kazi, maana mimi hubeba robota la mitumba nyuma ya baiskeli kutoka soko hadi soko, Pajulu, Dadamu na mbele huko, ambako bodaboda hula faida yote. Na niseme ukweli, hata kama chakula kingekuwepo, kukaa nyumbani kunaniuma kuliko magoti.

Watu wakaniambia mjini Koboko yuko mtu anaitwa Lomoro, anauza fremu kuukuu zinazovushwa kutoka Congo, na anayo nyeusi moja ndefu. Fremu yangu iliyokatika ilikuwa fupi, magoti yakigonga usukani kila kona. Lakini ndefu nyeusi ndiyo niliyoendesha nilipotoka sekondari, nikazunguka nayo mpaka mama yangu akawa ananiuliza habari za nilikotoka kama anayemwuliza mgeni. Niliposikia hivyo, moyo ulishatangulia barabarani.

Asubuhi nilipata nafasi nyuma ya lori la simenti. Zamani barabara hii ilikuwa udongo mwekundu. Ulipofika Koboko, vumbi mwili mzima, watu walikutambua kwa meno tu. Siku hizi ni lami, na lori linapita vijiji kabla hujakumbuka majina yake. Vilima vya Maracha nilivitambua kwa miguu zaidi kuliko kwa macho: hapa nilishuka nikasukuma, hapa niliteremka nikipiga mluzi. Vumbi la simenti liliingia kooni. Nilichoka kabla ya kufika, na sehemu kubwa ya uchovu huo nilitoka nayo nyumbani.

Koboko, jua likiwa limeshapanda, nilimkuta Lomoro kando ya soko, mtu mfupi, mpana, redio ikining'inia shingoni. Hakuniuliza jina. Nilimweleza nilikotoka na habari za fremu yangu, akatazama miguu yangu.

"Wewe iko na miguu ya korongo," akasema. "Wamekudanganya na fremu fupi."

Alikuwa ameivalisha ile ndefu magurudumu yake ya majaribio. "Weka kiti kwa kwapa, nyoosha mkono." Nikanyoosha, ncha za vidole zikagusa ekseli ya pedali. Nikaweka kiwiko kwenye pua ya kiti. Vidole vikafika usukani. Nikarusha mguu kwa nyuma, nikasimama bomba la juu likiwa katikati ya miguu, na nafasi ikabaki. Kisha nikapanda, nikaenda hadi kituo cha petroli na kurudi. Magoti hayakugonga kitu. Upepo uliniingia kwenye shati, na kwa kitambo kile kifupi sikuwa na umri wowote.

"Iko yangu," nikasema.

"Ngoja. Hapa sisi hapana uza fremu bila mzigo. Fremu ya kuenda kanisa, nunua kwenu Arua." Akageukia kibanda cha jirani. "Mama Keji! Leta mtihani!"

Mama Keji, muuza muhogo mkavu, alitoka akicheka na gunia kichwani. Walilifunga wima juu ya keria, likanifika mbavuni. Ndipo nikaelewa. Mwenye mzigo mrefu nyuma hawezi kurusha mguu kwa nyuma. Lazima aukunje na kuupitisha mbele, juu ya bomba. Fremu yangu fupi, bomba lake likiwa chini, ilinisamehe jambo hilo miaka mingi, nikasahau kwamba lipo.

Nikainua mguu. Goti likakataa katikati, suruali ikanasa, na mimi, baiskeli na gunia tukaenda chini pamoja.

"Pole, baba!" Mama Keji akapiga makofi. "Muhogo yangu iko mzima?"

"Huyo ni ng'ombe, mzee? Mbona anakutupa?" akauliza mwanamume mmoja aliyekuwa akipita.

Mara ya pili niliubeba mguu kwa mkono kama gogo. Ulipita, lakini baiskeli ilikuwa imeshalala, na Lomoro akaidaka.

"Kwa soko utapata mutu ya kushika," akasema polepole. "Kwa kilima ya Maracha, nani nakushika?"

Nilikaa juu ya gunia, Mama Keji akanipa maji. Nikajiona nikirudi mikono mitupu, nikikaa barazani na robota langu.

Lomoro alirudi na fremu nyingine: nyeusi vilevile, inayochukua magurudumu yaleyale, ila mabomba yake mawili yalishuka kutoka shingoni hadi karibu na pedali. Ya kina mama.

"Hapana," nikasema.

"Mimi hapana sema kitu. Nimeleta tu."

Akaihamishia magurudumu ya majaribio, kwapa likakubali. Kiwiko kikakubali. Wakalifunga gunia, na mguu ukapita kama unaovuka kizingiti. Nikaenda hadi petroli, nikashuka, nikapanda tena peke yangu, nikarudi. Hakuna aliyecheka.

"Sasa rudisha muhogo yangu," Mama Keji akasema.

Niliitazama ile ndefu kwa muda, nikailipia ile ya chini.

Alasiri, lori la kurudi lilijaa. Nilikaa na fremu mapajani, nikiwaza jinsi vile vipimo vilivyonidanganya bila kusema uongo. Kwapa na kiwiko hupima urefu, na urefu wangu haujabadilika tangu shule. Kilichobadilika ni goti, na sikufikiri kulipima kwa sababu ndani ya kichwa changu bado lilikuwa la yule kijana.

Mwanamke mwenye kikapu cha samaki wakavu aliyekaa mbele yangu akaitazama fremu, akatabasamu. "Baba, unapelekea mama zawadi?"

Kuitikia kungekuwa rahisi, na abiria wenzangu wote walikuwa wakisikiliza.

"Hapana, mama. Iko yangu."

Akayatazama yale mabomba mawili, akalitazama goti langu, kisha akavuta kikapu chake upande ili fremu ipate pa kulala.