Samaki Wangu Walipokataa Kufa

Katika kila kizimba pale Kituku, ufukweni kwetu, samaki walikuwa wanaelea tumbo juu. Kasoro changu.

Msinionee wivu, ndugu zangu. Kwetu, samaki wako wakipona peke yao, ugonjwa ni wewe.

Tunafuga tilapia ziwani, ndani ya vizimba vya nyavu. Tulikuwa tumewachambua kwa ukubwa, wakachubuka, kisha mvua kubwa ikateremsha matope. Vidonda vikaanza. Mama Rosine, jirani yangu wa kizimba, alipoteza karibu wote. Alikaa kwenye mawe akilia, nami nikaona haya hata kuwatupia chakula wale wangu wanaorukaruka.

Minong'ono ikaanza. Nikisalimia, watu wanaitikia huku wanaangalia ndoo yangu.

Maana nilikuwa na ndoo. Ina kifuniko, juu nimeifunga kitenge, na sikumruhusu mtu kuifungua.

"Kakule, unatiaka nini mu maji?" Rosine aliniuliza.

"Chakula tu, mama."

"Ya kufunika na kitenge? Chakula inaonaka haya?"

Nikaikumbatia ndoo yangu, nikaondoka.

Na mimi nikaanza kushuku kila mtu. Nani ananifuata? Mbona kifuniko kimekaa upande? Nikawa nageuka nyuma kama mwizi wa kuku.

Papa Barthélemy akaitisha kikao ufukweni. Huyu ni rais wa wafugaji wetu, tena mzee wa kanisa lisilogusa pombe hata kwa ncha ya ulimi. Naye alikuwa amezika samaki wengi, na hasira zote alizileta kwangu.

"Aseme leo, ao atoshe kizimba yake, aende nayo. Muchawi hatumutake hapa!"

"Sema, ndugu yangu, iishe," Rosine akanisihi.

Jamani, jibu nilikuwa nalo mdomoni!

Ndani ya ndoo mlikuwa na machicha ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Mashapo yale yamejaa chachu. Nayachemsha mpaka chachu ife, nayaanika, nayasaga, kisha nachanganya kidogo kwenye chakula mapema, kabla samaki hawajachambuliwa. Daktari mmoja wa mifugo ndiye aliyenielekeza. Aliniambia mwili wa samaki unaidhania chachu kuwa adui, basi askari wake wanaamka. Mbwa akibweka, hata kama mwizi hayupo, mlinzi anafumbua macho. Lakini mgonjwa haimponyi. Inamwandaa mzima.

Sasa kwa nini nisiseme?

Kwa sababu swali la pili lingekuwa: machicha unayatoa wapi?

Nilikuwa nayatoa kwa Mama Lucie. Mke wa Papa Barthélemy.

Mama huyo anapika kasiksi nyuma ya nyumba, na mumewe anaambiwa ni siki ya pilipili. Pombe hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wao. Aliniapisha kwa jina la marehemu mama yangu, na nikisema, nyumba yao inavunjika.

Nikainama kufungua kamba za kizimba changu, machozi yananitoka mbele ya watu. Kizimba kile ndicho kinachotulisha.

"Mumuache!"

Mama Lucie alikuwa anateremka, ndoo yake ya machicha kichwani. Akaitua mbele ya mumewe, akaifunua.

"Uchawi njo huu, baba ya batoto. Nusa."

Papa Barthélemy akanusa. Sisi tukangoja radi.

Akakaa kwenye mawe, taratibu.

"Hii harufu ninaijua. Ninaisikiaka mu nyumba miaka yote." Akamwinulia mkewe macho. "Mama Lucie, nilifikiria unanywaka kwa siri. Kila vendredi ninafungaka, ninakuombea uache."

Mama Lucie akaketi kando yake. Yeye aliamini zile Ijumaa mumewe hali kwa sababu mapishi yake yamemchosha.

Rosine ndiye aliyeanza kucheka, macho bado mekundu. "Basi na miye munipatie hayo machicha! Uchawi kama huu, nautaka."

Siku hizi ndoo anaibeba Papa Barthélemy mwenyewe, bila kitenge. Kunywa, bado hanywi.

Funzo? Mwili wa samaki unashuku hata kisicho adui, na hiyo ndiyo afya yake. Sisi watu tuna mdomo. Ukisikia harufu nyumbani kwako, uliza.